Watawa wa Mombasa na Mtoto wa Sultani

Bwana mkulima, siku utakapokwenda Mombasa kwa shughuli zako, usirudi skimuni kabla ya kupita Ndia Kuu, ile njia ya Mji wa Kale karibu na Ngome ya Yesu. Wareno waliiita Raposeira. Miaka mia nne iliyopita ungekutana humo na watawa wenye majoho meusi na mikanda ya ngozi. Hao ni Waagustino, waliofika mwaka 1597.

Shirika lao lilianza Italia mwaka 1244, lakini kanuni yao iliandikwa na Mwafrika, Agustino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Aljeria. Yasema wawe na moyo mmoja, wala mtu asiite kitu chake mwenyewe. Hata nguo huwekwa ghala moja chini ya mtunzaji, na kila mmoja hupewa kwa kadiri ya haja yake. Ninyi wenye vyama vya ushirika mnajua ugumu wake!

Mwaka 1614 Sultani Hasan aliuawa bara alikokimbilia, kwa fitina ya Wareno. Mwanawe Yusuf, mtoto wa miaka kama saba, alipelekwa Goa, Bara Hindi. Waagustino wakamlea, wakamfundisha, wakambatiza Jeronimo. Alirudi Mombasa akiwa mfalme Mkristo.

Je, mtoto husahau damu ya babake? Yasemekana alionekana kaburini kwa baba yake akiomba Kiislamu, na kapteni wa ngome akakusudia kumshtaki Goa. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni. Wakristo wakakimbilia nyumba ya watawa. Baada ya siku chache wengi waliuawa, watawa pamoja nao, na hata Waafrika waliokataa kuiacha dini yao. Waliomlea hawakuponyeka.

Yusuf aliondoka Mombasa mwaka 1632, akafa mwaka 1638. Watawa walirudi, wakakaa mpaka Waarabu wa Omani walipoitwaa ngome mwaka 1698, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu.

Shirika lenyewe halikufa. Mwaka 2025 Mwagustino, Leo wa 14, alichaguliwa kuwa Papa, wa kwanza kutoka shirika hilo. Nawe ukifika Ngome ya Yesu, inua macho juu ya lango: maandishi ya Kireno, yaliyochongwa miaka michache tu baada ya maafa yale, yangali pale.