Paa Baada ya Dhoruba: Kiraka au Kuezeka Upya?

Upepo umepita, mvua imekatika, na jua la Madogo limechomoza kana kwamba usiku hapakutokea lolote. Umesimama uani ukitazama juu. Mabati mawili yamekunjika, moja limelala kwa jirani, na ndani godoro la watoto limelowa chepechepe. Je, umwite fundi apige viraka, au uanze kutafuta pesa za paa jipya?

Msomaji, swali hilo si la fundi peke yake. Ni swali la afya ya jamaa yako.

Wakazi wa Madogo hawajasahau mvua za El Nino za 1997 na 1998, wala zile za Novemba 2023 na Aprili 2024, Mto Tana ulipofurika na kukata barabara ya kwenda Garissa. Nyakati kama hizo kila mtu huutazama mto. Aghalabu paa husahauliwa mpaka mtoto aanze kukohoa.

Kabla ya kupanda ngazi

Usipande juu upepo ungali unavuma au mabati yangali mabichi kwa mvua. Iwapo waya wa umeme umelala juu ya paa, usiguse ukuta wala bati. Kaa mbali na uwaite watu wa umeme.

Vaa viatu vilivyofunika mguu. Watu wengi hudhani kutu ndiyo iletayo pepopunda. Sivyo. Vijidudu vya maradhi hayo hukaa katika udongo na samadi, na kwetu penye mifugo mingi samadi haikosekani uani. Msumari au bati likikukata, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi, kisha nenda kituo cha afya, hasa kama imepita miaka 5 tangu uchanjwe mara ya mwisho.

Anza na mifupa

Kosa la wengi ni kuhesabu matundu. Matundu ni ngozi tu. Mifupa ya paa ni mbao. Upepo mkali hauliangushi paa kwa kulikandamiza, bali hulinyanyua, ukianzia kwenye pembe na kingo. Kwa hiyo paa laweza kuonekana zima kutoka nje ilhali misumari yake imekwisha kung'oka nusu.

Ingia ndani mchana, ufunge milango na madirisha, kisha utazame juu. Kila nukta ya mwanga ni tundu. Itie alama kwa chaki. Halafu chukua msumari mrefu uchome kenchi, yaani zile mbao kubwa zinazobeba paa, na papi, yaani mbao nyembamba ambazo mabati hupigiliwa. Mbao nzima hukataa msumari. Ukizama kama katika muhogo uliochemshwa, mbao imeoza au imeliwa na mchwa. Tazama pia mahali kenchi zinapokutana na ukuta: je, zingali zimefungwa, au zimesogea? Ukuta umepata ufa?

Sasa unaweza kuamua.

Kiraka chatosha iwapo mbao ni nzima, ukuta haukusogea, na uharibifu uko upande mmoja. Ondoa mabati yaliyopasuka au kukunjika, uweke mengine. Misumari iliyolegea isigongwe tena katika tundu lile lile, maana haitashika. Ipigiliwe mahali papya, juu ya mgongo wa bati na si katika bonde lake, ambako maji hupita.

Ezeka upya iwapo mbao zimeoza mahali pengi, kenchi zimepinda au kuachana na ukuta, au kutu imeyala mabati kiasi kwamba ukibonyeza kwa kidole yanatoboka. Kuweka bati jipya juu ya mbao mbovu ni kutupa pesa, na upepo ujao utalirusha bati hilo kama panga.

Kama nyumba yako imeezekwa kwa majani ya mikoma, kanuni ni ile ile. Tabaka la juu likichanwa, shonea jingine. Majani yakiwa meusi, yananuka na kubonyea, yaondoe yote.

Asbesto ina sheria yake

Baadhi ya majengo ya zamani humu nchini yaliezekwa kwa asbesto. Hapo usishike msumeno wala nyundo. Vumbi lake likivutwa kifuani laweza kuleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Vipande vilivyovunjika visifagiliwe vikavu, visiwe vichezeo vya watoto, wala visitumiwe kufunikia banda la kuku. Vinyunyizie maji, uwazuie watu wasipakaribie, na uwaarifu maafisa wa NEMA. Kuviondoa ni kazi ya wenye kibali.

Uvujaji na maradhi

Chumba chenye unyevu huota kuvu ukutani, na kuvu huchochea kikohozi na pumu, hasa kwa watoto na wazee. Turubai ulilotandika kwa muda hutengeneza vidimbwi ambamo mbu huzaliana. Mwaga maji hayo kila siku.

Hatari isiyotajwa sana imo katika gunia la mahindi. Mahindi yakilowa huota kuvu, na kuvu huweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo ilizuka Makueni, Kitui na wilaya jirani. Kati ya wagonjwa 317 waliohesabiwa, 125 walikufa. Kupika hakuiondoi. Mahindi yaliyolowa usiku yaanikwe juu ya turubai mara jua litokapo. Yaliyokwisha kuota kuvu usile, wala usimpe ng'ombe, kwani sumu hupita katika maziwa.

Kwa hiyo hata kama pesa za paa zima hazijapatikana, ziba kwanza juu ya mahali pawili: wanapolala watoto na unapoweka chakula. Magunia yainuliwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Ukiamua kuezeka

Uliza unene wa bati kabla ya kulipa. Namba ya geji ikizidi, bati huwa jembamba: geji 30 ni nene kuliko 32. Kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa ukanda wa chuma, na misumari iongezwe kwenye kingo na pembe, upepo unakoanzia.

Uwazi kati ya ukuta na paa ndio mlango mkuu wa mbu waletao malaria. Usiuzibe kwa udongo ukakosa hewa katika joto hili, weka wavu. Chini ya mabati tundika mikeka ya mikoma, joto la adhuhuri litapungua.

Kazi hiyo ifanywe kabla ya mvua za Machi au za Oktoba, fundi akiwa na nafasi. Leo jioni, kabla giza halijaingia, chukua msumari wako ukachome mbao moja. Jibu lake litakuambia la kufanya.