Kabla ya Bunduki Kulia: Safari ya Kumwinda Bata Mzinga Mwitu

Bata mzinga wa kufugwa si mgeni machoni petu. Tumemwona uani akiupanua mkia wake na kuvimba kwa majivuno kila apitapo mtu. Lakini ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba ndugu zake wa mwituni wangali hai katika misitu ya Marekani, na kwamba kumwinda ndege huyo ni kazi ihitajiyo matayarisho kama yale ya doria. Katika makala haya twakusudia kuwaeleza askari wetu, wa jeshi na wa polisi, jinsi safari hiyo inavyopangwa. Hatutazamii kwamba wengi wenu mtafunga safari kwenda huko. Twaeleza kwa kuwa kila hatua yake ni somo juu ya mtu na silaha aliyokabidhiwa.

Asili ya ndege huyu ni Amerika ya Kaskazini. Wenyeji wa Meksiko walimfuga zama za kale, kisha Wahispania wakampeleka Ulaya katika karne ya 16, na kutoka huko akaenea duniani. Dume la mwituni huwa na uzito wa kilo 7 hadi 11, nalo lina shada la manyoya magumu kama ndevu lililoning'inia kifuani. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa taifa la Marekani, alimsifu katika barua aliyomwandikia binti yake mwaka 1784. Alisema kuwa ni ndege jasiri, asiyesita kumshambulia askari wa Kiingereza mwenye koti jekundu atakayethubutu kuingia uani mwake.

Hata hivyo ujasiri haukumwokoa. Misitu ilifyekwa, watu wakawinda bila mpaka, na ilipofika miaka ya 1930 yakadiriwa kuwa walisalia ndege 200,000 tu katika nchi yote. Mwaka 1937 ilitungwa sheria ya kuelekeza ushuru wa bunduki na risasi katika kazi ya kuwarudisha wanyama pori. Kwanza walijaribu kuwaachilia mwituni ndege waliolelewa mabandani, lakini hao hawakuyajua maisha ya porini, wakafa. Baadaye wataalamu waligundua njia ya kuwanasa ndege wa mwituni wenyewe kwa nyavu zirushwazo na mizinga midogo, kisha kuwahamishia misitu iliyokuwa mitupu. Mwanzoni mwa karne hii hesabu yao ilipita milioni 6, na sasa wapatikana katika majimbo yote ila Alaska. Lakini katika baadhi ya majimbo wameanza kupungua tena, na wakuu wa huko wamechelewesha ufunguzi wa msimu au wamepunguza idadi ya ndege ambao mwindaji aruhusiwa kuua.

Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza katika kupanga safari ni sheria. Kila jimbo lina leseni yake, tarehe zake na saa zake. Kusini mwa Florida msimu wa masika hufunguliwa mwezi Machi, bali baadhi ya majimbo ya kaskazini hungoja hadi Mei. Huko New York kuwinda katika msimu huo hukoma saa sita mchana. Mgeni hulipa ada kubwa kuliko mwenyeji, na mara nyingi hutakiwa kuonyesha cheti cha mafunzo ya usalama wa silaha. Aidha, wakati wa masika huruhusiwa kuua madume tu, au ndege mwenye ndevu, kwa kuwa majike huwa wamo katika kutaga na kuatamia. Jike hutaga mayai 10 hadi 12 na kuyaatamia kwa siku 28. Amuuaye jike huyo ameua kizazi kizima.

Jambo la pili ni upelelezi. Mwindaji hodari hufika siku kadhaa kabla ya msimu, akiwa na ramani na kibali cha mwenye shamba. Hatafuti ndege wa kupiga, hutafuta dalili. Huangalia nyayo, manyoya, na mahali walipojigaragaza mavumbini. Hata kinyesi humpa habari, kwani cha dume hupinda kama ndoana, na cha jike hujikunja kama konokono. Jioni, ndege wapandapo mitini kulala, mwindaji huigiza mlio wa bundi. Dume hushtuka na kujibu kwa kishindo, na kwa kujibu huko huwa ametoboa siri ya kituo chake.

Siku ya tatu ya mpango ni siku ya kuvizia. Kabla ya mapambazuko mwindaji huketi chini, mgongo ameuegemeza katika mti mpana kuliko mabega yake, ili alindwe nyuma. Sare ya mabaka humfunika hata uso na mikono, maana macho ya bata mzinga ni makali ajabu, huona rangi na huona karibu pande zote bila kugeuka. Kisha huigiza sauti ya jike kwa kisanduku cha mbao kinachosuguliwa kifuniko chake. Hapa pana ugumu: kwa desturi yao, jike ndiye amwendeaye dume. Mwindaji anamwomba dume avunje desturi, kwa hiyo huenda akangoja saa nyingi bila kutikisika. Silaha yake ni bunduki ya marisau, na hulenga kichwa na shingo, aghalabu katika umbali usiozidi mita 35.

Sasa tufikie jambo lililo zito kuliko yote. Katika uwindaji huu watu wamejeruhiwa na wengine wamekufa kwa kupigwa na wawindaji wenzao. Sababu yaeleweka: msitu umejaa watu waliojificha, wanaolia kama bata mzinga. Mwenye pupa husikia sauti, huona kitu kikitikisika kichakani, hufyatua. Ndiyo maana wafunzwa kutovaa kabisa rangi nyekundu, nyeupe wala buluu, ambazo ni rangi za kichwa cha dume. Wafunzwa kutoinyatia sauti wasiyoijua mwenyewe. Wamwonapo mwindaji mwingine akija, hawapungi mkono. Humwita kwa sauti ya binadamu. Na juu ya hayo yote, kidole hakigusi kifyatulio mpaka ndege ameonekana wazi, kichwa na ndevu, na yaliyo nyuma yake yamejulikana.

Ndugu askari, amri hiyo ya mwisho haikuandikwa kwa ajili ya ndege peke yake. Aliye zamu usiku langoni, au aliye doriani katika kijiji chenye giza, husikia naye mtikisiko kichakani. Huenda ni adui, huenda ni mama atokaye kisimani. Mwindaji aliyekosa ndege leo atarudi kesho na kumngoja tena, lakini risasi iliyotoka hairudi mtutuni. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Na kwa mwenye bunduki, ukosefu wa baraka ni kaburi la asiye na hatia.