Hunza: Bonde la Rekodi za Kweli na Moja ya Uongo

Simama kando ya Mto Hunza, kaskazini mwa Pakistani, uinue macho kuutazama Rakaposhi. Kutoka mtoni hadi kileleni ni takribani mita 5,800, mteremko mmoja tu usiokatika. Ni kama kuisimamisha Kilimanjaro nzima, kuanzia usawa wa bahari, mbele ya shamba la viazi. Kilele kina mita 7,788, na hakuna aliyekikanyaga hadi mwaka 1958.

Chini ya mlima huo ni kijani kitupu, ingawa mvua ya huko ni ya kubahatisha. Maji hutoka kwenye barafu ya milimani, yakiletwa na mifereji iliyochongwa kwenye majabali. Mchagga akiiona hahitaji kuelezwa: anaijua mifongo ya kwao. Mfereji ukikauka, ngano na mishmishi vimekwisha.

Barabara ya Karakoram hupita bondeni humo ikielekea China, na huvuka mpaka kwenye Kipito cha Khunjerab, mita 4,693, juu kuliko kilele cha Mlima Meru. Hicho ndicho kivuko cha mpaka chenye lami kilicho juu kuliko vyote duniani.

Kuna pia ziwa changa. Tarehe 4 Januari 2010 mlima uliporomoka Attabad, ukaua watu 20 na kuuziba mto. Maji yalipanda miezi mitano, yakameza nyumba, mashamba na kilomita kadhaa za barabara. Kwa miaka mitano abiria na hata magari vilivushwa kwa mashua, mpaka mahandaki yalipofunguliwa mwaka 2015. Leo watalii hupiga picha kwa furaha juu ya maji ya samawati, na chini yake kuna vijiji vya watu.

Lugha ya Kiburushaski, inayozungumzwa bondeni humo, haijapata ndugu anayekubalika popote duniani. Ngome ya Baltit, makao ya zamani ya watawala walioitwa Mir, ambao utawala wao ulifutwa mwaka 1974, ilikarabatiwa na taasisi ya Aga Khan, ileile iliyoikarabati Forodhani kule Zanzibar.

Sasa ile ya uongo. Kwa miongo mingi dunia iliambiwa kwamba Wahunza huishi miaka 120 na zaidi, tena bila maradhi. Umri huo haukuwa na daftari lolote la vizazi la kuuthibitisha. John Clark, Mmarekani aliyekaa huko mwanzoni mwa miaka ya 1950 akitibu wenyeji, alikuta kuhara damu, minyoo na njaa ya kila msimu wa kuchipua, akiba ya chakula ilipokwisha. Lakini hadithi tamu huuza. Hadi leo kokwa za mishmishi zinauzwa kwa jina la Hunza, eti zinatibu saratani. Usizile: kokwa chungu, zikishafika tumboni, hutoa sumu ya sayanaidi.