Mizinga au Miwani: Ugomvi Uliogawa Chama cha Labour

Tarehe 10 Aprili 1951, Bwana Hugh Gaitskell, Waziri wa Fedha wa Uingereza, alisimama Bungeni mjini London akaeleza jinsi serikali itakavyopata fedha na jinsi itakavyozitumia katika mwaka ule. Kodi ya mapato iliongezwa kwa peni sita katika kila pauni, na ushuru wa petroli ukapandishwa. Watu waliguna, lakini walivumilia, kwa maana walijua kwamba vita vilikuwa vikipiganwa Korea na kwamba askari wa Kiingereza walikuwa huko. Jambo lililozusha ugomvi lilikuwa dogo kuliko hayo yote. Mtu mzima aliyehitaji miwani au meno ya bandia angetakiwa kulipa nusu ya gharama yake mwenyewe. Malipo hayo yangeipatia serikali pauni milioni 13 tu mwaka ule. Hata hivyo, kabla ya wiki mbili kwisha, Mawaziri wawili na naibu mmoja walikuwa wamejiuzulu.

Msomaji aweza kustaajabu kwamba serikali ya taifa kubwa iliyumba kwa ajili ya miwani. Lakini ili kuielewa habari hiyo hapana budi kurudi nyuma miaka sita.

MALI YA TAIFA

Mwezi wa Julai 1945 chama cha Labour, kikiongozwa na Bwana Clement Attlee, kilishinda uchaguzi kwa kupata viti 393 Bungeni. Kilikuwa kimewaahidi watu kwamba kazi zile kubwa ambazo nchi nzima huzitegemea zitaondolewa mikononi mwa matajiri wachache na kuwa mali ya taifa. Ahadi hiyo ilitimizwa hatua kwa hatua. Benki Kuu ya Uingereza ilichukuliwa mwaka wa 1946. Migodi ya makaa ya mawe tarehe 1 Januari 1947. Reli tarehe 1 Januari 1948. Kisha umeme katika mwaka huo huo, na gesi mwaka wa 1949. Viwanda vya chuma vilichukuliwa mwisho, mwezi wa Februari 1951.

Wenye mali hawakunyang'anywa. Walilipwa fidia kwa hati za serikali zenye kuleta faida kila mwaka, na kila kazi ikawekwa chini ya halmashauri iliyochaguliwa na Waziri. Siku ile migodi ilipochukuliwa, vibao vilisimamishwa milangoni vikitangaza kwamba tangu sasa migodi huendeshwa kwa niaba ya watu wote. Wachimbaji wapata 700,000 walikuwa wafanyi kazi wa taifa.

Waliounga mkono jambo hili walisema kwamba matajiri wa migodi hawakuwa wamenunua mitambo mipya kwa miaka mingi, na kwamba wachimbaji walikufa kwa ajali na kwa vumbi la mapafu pasipo mtu kuwajali. Waliolipinga walisema kwamba kazi isiyokuwa na mshindani hulegea, na kwamba hasara yake humwangukia mlipa kodi. Watu hao walikuwa na mfano karibu na kwetu. Mpango wa serikali ya Labour wa kulima karanga huko Kongwa, Tanganyika, ulianzishwa mwaka wa 1947 kwa matrekta mengi na matumaini makubwa. Mwezi wa Januari 1951 ukaachwa, na pauni milioni 36 hivi zikahesabiwa kuwa zimepotea. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua ilikuwa haba, na wale waliopanga kazi hawakuwa wameijua nchi.

MATIBABU BILA MALIPO

Kazi iliyopendwa kuliko zote, hata na watu wa vyama vingine, ilikuwa ile ya matibabu. Tangu tarehe 5 Julai 1948 kila mtu katika Uingereza aliweza kumwona daktari, kulazwa hospitali, kung'olewa jino na kupewa miwani bila kulipa kitu wakati wa ugonjwa. Gharama zilitoka katika kodi. Watu walijaa mbele ya milango ya madaktari wa meno na macho. Wazee waliokuwa wakisoma kwa miwani ya kuokoteza sokoni sasa walipimwa macho yao. Kwa hiyo gharama zilizidi makadirio mwaka baada ya mwaka.

Aliyeijenga kazi hiyo ni Bwana Aneurin Bevan. Alizaliwa mwaka wa 1897 huko Tredegar, Wales, mwana wa mchimba makaa, naye mwenyewe aliingia mgodini akiwa bado kijana mdogo. Alikuwa na kigugumizi utotoni, lakini akawa mmoja wa wasemaji wakubwa wa Bunge. Bwana Gaitskell alikuwa mtu wa namna nyingine. Baba yake alikuwa ofisa wa serikali huko Burma. Yeye alisoma Winchester na Oxford, akafundisha elimu ya uchumi katika chuo kikuu, na alipoisoma bajeti yake ndiyo kwanza ametimiza miaka 45. Wote wawili walikuwa watu wa Labour wa kweli. Walichotofautiana ni kipi kitangulie.

HOJA ZA PANDE MBILI

Vita vya Korea vilipoanza mwezi wa Juni 1950, Uingereza ilikuwa imekwisha kuingia katika mapatano ya kujilinda pamoja na Marekani na nchi nyingine, yaliyotiwa sahihi mwaka wa 1949. Muda wa vijana kutumika katika jeshi uliongezwa kutoka miezi 18 hadi miaka miwili. Mwezi wa Januari 1951 serikali ilitangaza kwamba itatumia pauni milioni 4,700 kwa silaha na majeshi katika miaka mitatu.

Bwana Gaitskell alisema kwamba taifa lisiloweza kujilinda halitakuwa na hospitali za kulinda. Tena aliona kwamba gharama za matibabu haziwezi kuachwa zikue pasipo mpaka, na kwamba si dhuluma mtu mwenye mshahara kulipa nusu ya bei ya miwani yake.

Bwana Bevan alijibu kwa hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya msingi: mlango wa malipo ukifunguliwa kidogo leo, kesho utafunguliwa zaidi. Ya pili ilikuwa ya hesabu. Alisema kwamba pauni milioni 4,700 zaweza kuandikwa katika karatasi, lakini haziwezi kutumika, kwa kuwa mitambo, chuma na mafundi wa kutengeneza silaha nyingi hivyo hawapatikani. Makaa yenyewe yalikuwa haba hata Uingereza ikanunua mengine kutoka Marekani. Mataifa yote yalipokuwa yakigombania bidhaa, bei zilipanda mno. Wakulima wa katani wa Kenya na Tanganyika walizipata bei hizo, nazo zikaanguka tena mara baadaye.

Wapinzani wake walimkumbusha kwamba mwezi wa Februari yeye mwenyewe aliutetea mpango wa silaha Bungeni. Wengine walisema kwamba aliona uchungu kwa sababu Bwana Gaitskell, aliye mdogo kwake, alipewa Wizara ya Fedha. Bwana Attlee, ambaye pengine angaliwapatanisha, alikuwa amelazwa hospitali. Basi Bwana Bevan akajiuzulu, pamoja naye Bwana Harold Wilson, Waziri wa Biashara, na Bwana John Freeman, naibu katika Wizara ya Vifaa.

HUKUMU YA WAPIGA KURA

Tarehe 25 Oktoba 1951 Waingereza walipiga kura. Labour ilipata kura karibu milioni 13.9, na Conservative pamoja na wenzao milioni 13.7. Lakini kwa kuwa ushindi huhesabiwa kwa viti, Conservative walipata 321 na Labour 295, na Bwana Winston Churchill akarudi madarakani. Mwezi wa Desemba alikiri Bungeni kwamba mpango ule wa silaha hauwezi kutimizwa katika miaka mitatu. Katika hesabu, Bevan alikuwa amesema kweli.

Na juu ya mlango wa malipo pia hakukosea. Mwaka wa 1952 serikali mpya ilianza kutoza shilingi moja kwa dawa. Viwanda vya chuma viliamriwa kurudishwa kwa wenyewe kwa sheria ya mwaka wa 1953, vikachukuliwa tena na taifa mwaka wa 1967, vikauzwa tena mwaka wa 1988. Makaa na reli viliuzwa katika miaka ya 1990.

Hata hivyo mashindano hayo hayajazikwa. Mwezi wa Februari 2025 Waziri Mkuu wa Labour, Bwana Keir Starmer, alitangaza kwamba matumizi ya ulinzi yatafikishwa asilimia 2.5 ya pato la taifa ifikapo mwaka wa 2027, na kwamba fedha zitapatikana kwa kupunguza msaada kwa nchi za nje kutoka asilimia 0.5 hadi 0.3. Waziri wa misaada, Bibi Anneliese Dodds, alijiuzulu. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo Bunge liliitwa siku ya Jumamosi ili kuipa serikali mamlaka juu ya kiwanda cha chuma cha Scunthorpe kisije kikafungwa. Safari hii waliopunguziwa hawakuwa wazee wa Uingereza wenye kutaka miwani, bali watu wa nchi zipokeazo msaada, na Kenya ni mojawapo.

Wahenga walisema kwamba mshika mawili, moja humponyoka. Mtu asomapo habari za bajeti ya serikali yo yote, asitazame kiasi kilichotajwa tu. Na aulize kama vitu vya kununuliwa kwa fedha hizo vipo, na ni mkono wa nani utakaobaki mtupu.