Bunduki Ilipindua, Taji Likaandika
(Makala ya Pili)

Wiki iliyopita tulimwacha Kipchomber arap Koilegen akitoka Nandi na kuingia kwa Wakipsigis, baada ya yeye na nduguye Koitalel arap Samoei kugombania nafasi ya Orkoiyot iliyoachwa na baba yao, Kimnyole arap Turukat. Leo tunafika penye kiini cha mambo: utawala wa wenyeji ulipinduliwaje katika milima hii ya chai, na ufalme wa Uingereza ulikuwa na mkono gani?

Nasema ufalme kwa makusudi. Mwaka 2022 wawakilishi wa Wakipsigis na wa Talai, ukoo anakotoka Orkoiyot, walimwandikia barua Prince William, mjukuu wa Malkia Elizabeth, kuhusu ardhi waliyopokonywa. Wapo waliocheka. Kijana wa Ikulu ya London ana nini na majani chai ya Kericho? Barua iende kwa waziri, walisema. Nataka kuonyesha kwamba walioandika barua ile walijua walichokuwa wakifanya.

Tuanze na huyo aliyepinduliwa. Orkoiyot hakuwa mfalme. Hakutoza kodi, hakuwa na jeshi lake, na kesi za mipaka na mifugo ziliamuliwa na wazee wa kokwet, kila mtaa na wazee wake. Kazi ya Orkoiyot ilikuwa kuona mbele. Vijana waliotaka kwenda vitani walimwendea awabariki, au awaambie wakae. Nguvu zake zilikuwa katika neno lake, na neno hilo lilipokosea angeweza kulipia kwa roho yake: Kimnyole mwenyewe aliuawa na Wanandi, watu wake, mwaka 1890. Waingereza walioingia na reli hawakulielewa jambo hili, au hawakutaka kulielewa. Kwao, kila nchi lazima iwe na kichwa, na kichwa ni cha kukatwa.

Kichwa cha kwanza kilikuwa cha Koitalel, Orkoiyot wa Wanandi. Tarehe 19 Oktoba 1905 afisa Richard Meinertzhagen alimwita kwenye mazungumzo ya amani, akampiga risasi walipokutana. Uchunguzi ulifanywa mara tatu na mara zote tatu afisa hakutiwa hatiani, ingawa hatimaye aliondolewa Afrika Mashariki. Fimbo za Koitalel ambazo afisa huyo alizichukua siku ile zilikaa Uingereza miaka mia moja, hadi mwana wa Meinertzhagen aliporuhusu zirudishwe mwaka 2006. (Kenya huadhimisha Mashujaa tarehe 20 Oktoba, siku moja tu baada ya tarehe hiyo, na bado watoto wengi shuleni hawaambiwi kilichotokea jana yake.)

Mwaka huohuo wa 1905, miezi michache kabla, jeshi lilitumwa Sotik. Sababu iliyotolewa ilikuwa ng'ombe walioporwa kutoka kwa Wamaasai, ambao Wakipsigis walikataa kuwarudisha. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni 1,850, wakiwemo wanawake na watoto. Ng'ombe waliswagwa. Ardhi nayo haikukaa muda mrefu kabla ya kugawiwa walowezi. Ukipita leo kutoka Sotik kwenda Bomet mjini, unapita juu ya historia hiyo, na barabarani hakuna kibao kinachokueleza.

Kipchomber, yule wa Kipsigis, hakuuawa kwa risasi. Mwaka 1914 alikamatwa pamoja na ndugu zake, wakapelekwa nchi ya Wakikuyu, naye akafia uhamishoni.

Je, haya ni mapinduzi? Neno letu la Kiswahili ni pana. Tunalitumia kwa Zanzibar ya Januari 1964, Sultani Jamshid alipokimbia, na tunalitumia pia kwa askari wanaoteka redio alfajiri na kumtangaza mkubwa wao. Kinachofanana kote ni kwamba bunduki huondoa utawala kwa siku moja, lakini haiwezi kuutunza utawala mpya kwa miaka. Siku ya pili askari anahitaji karatasi. Ndiyo maana Thailand, jeshi lilipotwaa madaraka Mei 2014, mkuu wake hakukaa sawasawa kitini mpaka alipopata idhini ya mfalme. Burundi mwaka 1966 Kapteni Michel Micombero aliona njia fupi zaidi: alimwondoa mwami, akaufuta ufalme wenyewe na kutangaza jamhuri.

Huku kwetu karatasi ilitoka kwa Taji. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo wengi tunapopotea. Taji katika sheria ya Kiingereza si kile kitu cha dhahabu kichwani, wala si mtu anayekivaa. Ni jina la dola yenyewe. Mfalme hufa, Taji halifi. Waziri akifanya kosa, amelifanya kwa jina la Taji. Askari hula kiapo kwa mfalme, hakimu huhukumu kwa jina lake, na ardhi iliyotekwa huwa yake.

Sasa angalia mfululizo huu. Mwaka 1895 nchi inatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka 1902 inakuja sheria ya Ardhi za Taji, inayomwezesha kamishna wa Uingereza kuuza na kukodisha ardhi kwa walowezi. Mwaka 1915 sheria hiyo inapanuliwa: hata ardhi wanayokalia wenyeji inahesabiwa kuwa ya Taji, na mlowezi anaweza kukodishiwa kwa miaka 999. Mwaka 1920 nchi inageuzwa koloni kamili. Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth anatoa uamuzi katika kesi ya watu wa Kiambu: Mwafrika hana haki ya ardhi, ni mpangaji tu, na mwenye nyumba anaweza kumtoa siku yoyote. Mwenye nyumba ni Taji. Mkipsigis wa Kericho, ambaye hakuwahi kuingia katika mahakama hiyo, alilala usiku huo akiwa mpangaji katika boma la babu yake.

Utamu wa kisa hiki, kama kuna utamu, uko hapa: wa kwanza kupewa sehemu kubwa ya ardhi ya Kericho baada ya Vita Kuu ya Kwanza walikuwa wanajeshi. Ekari 25,000 zilitengwa kwa maafisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, walime kitani. Kitani kikaanguka bei, mpango ukafa baada ya muda mfupi. Ardhi haikurudi kwa wenyewe. Kampuni ya Brooke Bond ikaingia katikati ya miaka ya 1920, kisha kampuni ya James Finlay, na kile kilichokuwa zawadi ya mfalme kwa askari wake kikawa mashamba ya chai. Mchuma chai anayeinama leo kwenye mistari ile ya kijani anachuma juu ya malipo ya uzeeni ya jeshi la watu wengine.

Mwaka 1934 likaja pigo la mwisho. Serikali ilitunga sheria mahsusi ya kuwaondoa Talai, ukoo mzima wa Orkoiyot, wapatao 700, ikawapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria, penye mbung'o na malaria. Hawakushtakiwa. Kuzaliwa Talai kulitosha. Gwassi ni ya makala ijayo, sitaigusa zaidi.

Waliopinga walipinga vipi? Huko Nandi, mwaka 1923, Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel, alikamatwa kwa kuhofiwa kwamba sherehe ya Saget ab Eito ingegeuka uasi. Alikaa kizuizini hadi baada ya uhuru. Upande wa Kericho na Bomet upinzani ulichukua njia ya karatasi, na nadhani ilikuwa busara: waliopokonywa kwa karatasi walidai kwa karatasi. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi iliyakubali malalamiko yao. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza. Agosti 2022 shauri lilifikishwa Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Walikuwa wameona jambo: mwaka 2013 wazee 5,228 wa Mau Mau walilipwa na Uingereza jumla ya pauni milioni 19.9. Kumbe inawezekana.

Oktoba 31, 2023, Mfalme Charles alisimama Nairobi kwenye karamu ya taifa. Alizungumzia huzuni na majuto makubwa kwa ukatili uliofanywa wakati wa kupigania uhuru. Samahani hakuitamka. Wengi walimlaumu yeye, na hapo ndipo naachana nao kidogo. Mfalme wa Uingereza hatungi maneno ya namna hiyo peke yake. Husema yale ambayo serikali yake imemshauri aseme. Samahani rasmi ina gharama, na anayeshika mkoba ni bunge. Lakini hoja hiyo hiyo ndiyo inayowapa haki walioandika kwa William: ikiwa serikali ilipora kwa jina la Taji, haiwezi leo kusema Taji ni mapambo tu.

Wakenya wengi hawakumbuki kwamba Malkia Elizabeth alikuwa Malkia wa Kenya kwa mwaka mzima baada ya uhuru, kuanzia 12 Desemba 1963 hadi nchi ilipokuwa jamhuri 12 Desemba 1964. Ardhi ya Taji iligeuka ardhi ya serikali kwa kubadilishwa jina. Mikataba ya miaka 999 iliendelea hadi Katiba ya 2010 ilipoikata kwa wageni ikawa isiyozidi 99, na hiyo ni miaka ya kutosha kuzika vizazi vitatu.

Charles aliondoka Mombasa tarehe 3 Novemba bila kufika Kericho. Kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyezaliwa Gwassi kabla ya Talai kurudishwa mwaka 1962, kaeni naye jioni moja, mwandike jina la baba yake na mahali boma lao lilipokuwa kabla ya 1934. Makala ijayo itaanzia kwa watu hao.