Kusema Wazi Barazani Si Kukosa Adabu

Pengine haya umeyaona hata kwenu. Baraza limeitwa, watu wameketi kwenye nyasi, mwenyekiti wa mradi wa maji anasoma hesabu. Pampu imelala miezi mitano, lakini hesabu inasema imetengenezwa. Chifu anauliza, "Kuna mwenye swali?" Kimya. Watu wanapiga makofi na mkutano unafungwa kwa sala. Lakini njiani kurudi nyumbani, kila mtu ana la kusema!

Mimi nilikuwa kwa mkutano kama huo, na nilinyamaza kama wengine. Akina mama waliendelea kuteka maji mtoni kwa muda mrefu. Hapo nilijua kwamba kimya nacho kina bei, na wanaoilipa si wale waliokula pesa.

Kwa nini tunanyamaza? Wengine wanaogopa mtoto atanyimwa basari, au jina litafutwa kwa orodha ya chakula cha msaada. Kijana anaambiwa asijibizane na wazee. Mama akisimama, watu wanauliza bwana yake yuko wapi.

Hofu hizi si za bure. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 katika Uhuru Park, Nairobi. Alitukanwa hata Bungeni, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali. Lakini tuangalie alivyofanya kazi. Hakutegemea kelele. Aliandika barua kwa ofisi moja baada ya nyingine, akiuliza maswali. Jumba halikujengwa, na bustani ikabaki ya wananchi. Naye Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru, wakati wa mapigano ya kikabila ya 1992, aliwatetea wazi watu waliofukuzwa mashambani mwao.

Siku hizo sheria haikuwa upande wa msemaji. Leo Katiba ya 2010 imetupa nguvu. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kusema. Cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 37 kinaruhusu kukusanyika kwa amani, bila silaha, na kupeleka malalamiko kwa wakuu. Lakini kifungu hicho cha 33 hakilindi uchochezi wa fujo wala maneno ya chuki, na kinatutaka tuheshimu jina la mwenzetu. Kumwita mtu mwizi bila ushahidi si ujasiri, ni kujitafutia kesi.

Basi tufanye namna gani?

1. Tafuta ukweli kwanza. Chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, unaweza kuandikia ofisi ya serikali kwa Kiswahili au Kiingereza, na wanatakiwa kukujibu kwa siku 21. Asiyejua kuandika anaweza kusema kwa mdomo, na ofisa amwandikie.

2. Msiende mmoja mmoja. Kidole kimoja hakivunji chawa. Kikundi kikubaliane kabla ya baraza nani atauliza, na wengine wasimame kumuunga mkono.

3. Uliza, usishtaki. "Mheshimiwa chifu, tunaomba kuona risiti ya pampu" ni maneno machache, lakini ni mazito kuliko matusi ya saa nzima. Salimu wazee, taja jambo, kisha ukae chini.

4. Andika. Tarehe, aliyeahidi na alichoahidi. Ahadi isiyoandikwa husahauliwa haraka.

5. Msimwache aliyesema. Baada ya baraza, mtembeleeni nyumbani. Akitishwa, jambo hilo liwe la kikundi chote.

Ndugu zangu, heshima kwa wakubwa ni kitu kizuri, na tusiitupe. Lakini mzee anayeambiwa ukweli kwa adabu hajavunjiwa heshima. Anayedanganywa kwa makofi ndiye aliyevunjiwa. Pampu haitengenezwi na manung'uniko ya njiani.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

- Ni jambo gani tunalolisema njiani lakini hatulisemi barazani?
- Ni nani kati yetu hapewi nafasi ya kusema, na kwa nini?
- Kabla ya baraza lijalo, ni karatasi gani tuombe kuona?