Mtoto wa Jirani Akikonda

Unaikumbuka miaka ya 1980? Sukari, sabuni na mafuta ya taa viliadimika. Watoto wadogo walikonda.

Mwaka 1983 mpango wa lishe ulianza katika vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa. Watoto walipimwa uzito kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji ilijadili matokeo. Mwaka 1984 watoto 6 hivi katika 100 walikuwa na utapiamlo mkali. Mwaka 1988 walibaki 2 hivi.

Tena nyumba nyingine zilikuwa na mahindi ghalani! Mama alishinda shamba, mtoto akala mara mbili tu. Tumbo lake ni dogo. Mlishe mara nne au tano kwa siku.

Fanya kimea. Loweka ulezi usiku mmoja. Uache uote siku mbili au tatu. Uanike, kisha usage. Pika uji mzito, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga. Uji utalegea bila kuongeza maji. Uchemshe tena kidogo.

Baba, kusaga si kazi ya mama peke yake. Na siku ya mizani, mbebe mtoto wa jirani pia, kama mama yake yuko shamba.